Kupunguza Kelele za Nyuma Unaporekodi Sauti Nyumbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni yale yanayorudiwa na watu wanaorekodi podikasti, masomo, mawaidha, vitabu vya kusikiliza na matangazo wakiwa majumbani mwao. Yamepewa namba ili jibu moja liweze kumpeleka msomaji kwenye jingine. Mwenye haraka aanze na swali la 3, kwa kuwa mengi yanayofuata yanaliegemea hilo.

## Mambo ya msingi

1. Kelele za nyuma ni nini, na zinatofautiana vipi na mwangwi?

Kelele za nyuma ni sauti yoyote iliyoingia kwenye rekodi bila wewe kuikusudia: mngurumo wa friji, upepo wa pangaboi, bodaboda inayopita, redio ya jirani, jogoo, na hata ile "shhh" inayozalishwa na vifaa vyenyewe. Mwangwi ni jambo jingine. Huo ni sauti yako mwenyewe, ambayo imegonga ukuta, sakafu na dari kisha ikairudia maikrofoni ikiwa imechelewa kidogo.

Tofauti hii si ya maneno tu, kwa sababu dawa ya kimoja haitibu kingine. Mtu akilalamika kwamba rekodi yake ina kelele ilhali nyumba ilikuwa kimya, mara nyingi anachokisikia ni mwangwi wa sebule yenye sakafu ya vigae na kuta za saruji tupu. Ili kujua una tatizo lipi, piga kofi moja katikati ya chumba: ukisikia mlio unaoning'inia hewani baada ya kofi kwisha, una mwangwi, na programu ya kuondoa kelele haitakusaidia sana.

2. Kwa nini siisikii friji nikiwa chumbani, lakini kwenye rekodi inanguruma?

Kwa sababu ubongo umeshaizoea na kuiweka kando. Masikio mawili humsaidia mtu kujua sauti imetoka upande gani, na akili huchagua ya kufuata; maikrofoni haina uwezo huo wa kuchagua, inapokea kila kilichoifikia.

Kabla ya kurekodi chochote, rekodi ukimya wa chumba kwa nusu dakika, kisha usikilize kwa hedifoni ukiwa umeongeza sauti. Utashangazwa na orodha utakayoipata: saa ya ukutani, chaja inayolia kwa sauti nyembamba, pampu ya maji ya nyumba ya pili. Ukishaijua orodha hiyo, nusu ya kazi inakuwa ya kuchomoa plagi tu.

3. Kama nitafanya jambo moja tu, nifanye lipi?

Sogea karibu na maikrofoni. Kila umbali kati ya mdomo na maikrofoni unapopunguzwa kwa nusu, sauti yako inayoifikia moja kwa moja huongezeka kwa takriban desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti), wakati kelele zinazotoka mbali hubaki zilivyo. Anayeongea kutoka sentimita 60 akisogea hadi sentimita 15 amepunguza umbali kwa nusu mara mbili, na hivyo amejipatia karibu desibeli 12 dhidi ya friji, barabara na mwangwi kwa pamoja, bila kununua kitu. Nitasema wazi kwamba sijaona kifaa cha bei nafuu kinachofikia manufaa hayo.

Kipimo rahisi ni shubiri: nyoosha mkono, gusa mdomo kwa kidole gumba na maikrofoni kwa kidole kidogo. Ukikaribia zaidi ya hapo, mambo mawili hujitokeza. La kwanza ni kwamba maikrofoni nyingi zinazopokea upande mmoja huongeza besi kadiri mdomo unavyokaribia, hata mtu mwenye sauti ya kawaida akasikika kama mtangazaji wa usiku wa manane. La pili ni mipasuko ya pumzi kwenye herufi kama "p" na "b". Na kwa msemaji wa Kimvita, anayetofautisha paa la nyumba na paa wa porini kwa kuongeza pumzi kwenye "p" ya yule mnyama, mipasuko hiyo huwa mingi zaidi. Dawa yake ni kuiweka maikrofoni pembeni kidogo ya mdomo, ili pumzi ipite kando yake, au kuweka kizuizi cha kitambaa chepesi mbele yake. Soksi nyembamba iliyovutwa juu ya duara la waya inafanya kazi hiyo bila aibu.

## Chumba na wakati

4. Nichague chumba kipi?

Chagua chumba kidogo chenye vitu vingi laini, kilicho mbali na barabara na jikoni. Chumba cha kulala chenye godoro, mapazia mazito na kabati lililojaa nguo hushinda sebule nzuri karibu kila mara. Ukifungua milango ya kabati na kuongea ukiwa umeyaelekea magauni na makoti, mwangwi hupungua mno.

Kwa nyumba nyingi za Pwani tatizo kubwa ni dirisha, hasa yale ya vipande vya vioo vinavyofunguka kama ngazi, kwa kuwa hata yakifungwa huacha nyufa. Sauti hupita popote hewa inapopita. Kanga iliyokunjwa na kusokomezwa chini ya mlango, na godoro la akiba lililosimamishwa dirishani, huleta nafuu inayosikika.

5. Je, trei za mayai ukutani zinasaidia?

Hapana. Karatasi ile ni nyepesi mno kuzuia sauti isipite, na ni nyembamba mno kufyonza chochote isipokuwa kiasi fulani cha sauti za juu. Matokeo yake ni chumba kinachosikika kizito na chenye besi inayovuma, huku bodaboda zikiendelea kuingia kama kawaida. Isitoshe, hushika moto upesi.

6. Na mablanketi? Yanazuia kelele za nje?

Yanapunguza mwangwi, hayazuii kelele za nje. Kufyonza sauti iliyomo ndani na kuzuia sauti ya nje isiingie ni kazi mbili tofauti: ya kwanza inataka vitu vinene na laini, ya pili inataka uzito na kuziba nyufa. Ukuta wa tofali hauhitaji msaada wako. Mlango wa mbao nyepesi ndio unaouhitaji.

Hata katika kufyonza, blanketi lina mpaka wake. Wimbi la sauti ya hezi 100, yaani mitetemo 100 kwa sekunde, lina urefu wa takriban mita 3.4, na kitambaa cha sentimita moja hakiwezi kulifanya lolote. Ndiyo maana mngurumo wa lori husikika hata kwa aliyejifunika gubigubi.

Mahali pa kulitundika blanketi hukosewa mara nyingi. Watu huliweka nyuma ya maikrofoni, ilhali maikrofoni inayopokea upande mmoja inatazama kwako, na kwa hiyo inasikia ukuta ulio nyuma ya mgongo wako. Litundike huko nyuma yako, na kama una la pili, liwe juu au ubavuni.

7. Saa gani ni nzuri ya kurekodi?

Sikiliza mtaa wako kwa siku mbili tatu kabla ya kuamua, kwani kila mtaa una ratiba yake. Kwa wengi, kati ya saa tano usiku na saa kumi alfajiri ndiyo nafasi pana zaidi. Msimu wa mvua hubadili hesabu hiyo, kwa kuwa vyura na nyenje huanza zamu yao giza linapoingia, na kelele ya nyenje iko palepale ilipo sauti ya "s" na "sh", kwa hiyo kuiondoa baadaye ni kazi ngumu.

Adhana na kengele za kanisa ni rahisi kuliko kelele nyingine zote, kwa sababu zina wakati unaojulikana, na karibu na ikweta nyakati za swala hazihami sana mwaka mzima. Panga mapumziko yako yaangukie hapo.

8. Mvua ikinyesha juu ya bati nifanyeje?

Subiri. Hakuna blanketi wala programu itakayoitoa mvua ya mabati kwenye sauti ya mtu bila kuiharibu sauti yenyewe. Kama ni lazima, tumia muda huo kuhariri yaliyokwisha kurekodiwa.

9. Siwezi kukaa bila feni, na friji haiwezi kuzimwa siku nzima. Kuna njia?

Kuhusu feni, poza chumba kwanza, izime, rekodi kwa dakika 10 hadi 15, kisha iwashe upumzike. Vipande vifupi vina faida nyingine: msomaji aliyechoka na kutokwa jasho husikika hivyo. Usijaribu kurekodi feni ikiwa inazunguka "polepole tu", kwani pangaboi huleta mngurumo na pia upepo unaoigonga maikrofoni kwa mapigo.

Kuhusu friji, inaweza kuzimwa kwa saa moja bila chakula kuharibika mradi mlango usifunguliwe. Hatari ya kweli ni kuisahau. Warekodi wengi huweka ufunguo wa nyumba ndani ya friji wanapoizima, kwa sababu hakuna atakayetoka bila ufunguo.

10. Umeme unapokatika, je, nirekodi?

Ikiwa majirani hawana jenereta, ndiyo, na kwa furaha: friji zote, pampu zote na redio zote za mtaa zimenyamaza. Hakikisha tu kompyuta au simu ina chaji.

Jenereta zikiwashwa, acha. Mbali na kelele yenyewe, kuna mtego ambao watu wengi hawaufahamu: mtu akiwa kwenye kelele hupaza sauti bila kujijua, jambo lililoelezwa na tabibu Mfaransa Étienne Lombard mwaka 1911 na linalobeba jina lake hadi leo. Hata ukifanikiwa kuiondoa jenereta baadaye, utabaki na msomaji anayefoka katika chumba kimya.

## Vifaa

11. Simu yangu inatosha?

Inatosha kwa kazi nyingi, ikitumiwa vizuri. Maikrofoni kuu ya simu nyingi iko chini, karibu na tundu la chaja, kwa hiyo upande huo ndio uelekezwe mdomoni, kwa umbali uliotajwa katika swali la 3. Iweke juu ya taulo lililokunjwa na usiishike mkononi, kwani vidole vikisogea husikika. Washa hali ya ndege, kwa sababu simu inayokuja inakata kazi, na simu iliyo karibu na vifaa vya sauti ikiwa kwenye mtandao wa 2G huweza kuingiza ule mlio wa "tre-tre-tre".

Tumia programu ya kurekodi, usitumie ujumbe wa sauti wa WhatsApp, ambao hubana sauti ili iwe nyepesi kutuma. Ukimaliza, mtumie mhariri faili kama hati ili ifike ilivyo. Epuka pia maikrofoni ya hedifoni za Bluetooth, ambayo kwa kawaida hutoa sauti nyembamba kama ya mazungumzo ya simu.

12. Ninunue maikrofoni ya kondensa au ya dainamiki?

Kondensa ni ile inayohisi sauti kwa wepesi na huhitaji umeme; dainamiki haihisi kwa wepesi huo, na kwa kawaida haihitaji umeme. Inasemwa kwamba ya dainamiki "haisikii kelele". Si kweli kwa namna inavyosemwa. Dainamiki hutumiwa ikiwa karibu kugusana na mdomo, na ukaribu huo ndio unaozishinda kelele. Kondensa ikitumiwa kwa umbali uleule na ikiwa inapokea upande mmoja, tofauti hupungua sana. Dainamiki ina gharama yake vilevile, kwani nyingi hutoa mawimbi dhaifu. Shure SM7B, kwa mfano, huhitaji ikuzwe kwa takriban desibeli 60, na kifaa duni cha kukuza kikilazimishwa kufika huko huanza kutoa "shhh" yake chenyewe.

Muhimu zaidi ni kujua maikrofoni yako haisikii wapi. Ile yenye mapokezi ya umbo la moyo, yaani inayopokea upande mmoja, ni dhaifu zaidi mgongoni mwake. Kwa hiyo ukikaa ukiwa umelitazama dirisha lenye kelele, huku maikrofoni ikiwa kati yako na dirisha, mgongo wake ndio unaozipokea kelele hizo. Wengi hufanya kinyume: hulipa dirisha mgongo, na maikrofoni inatazama barabara moja kwa moja juu ya bega lao.

13. Kuna mvumo mzito usiokatika hata nyumba ikiwa kimya. Unatoka wapi?

Pengine unatoka kwenye umeme. Tanzania na Kenya hutumia umeme wa hezi 50, hivyo mvumo wake husikika kwenye 50, 100 na 150. Aliyeko Marekani ataukuta kwenye 60 na mafungu yake. Chomoa chaja ya kompyuta urekodi kwa betri. Mvumo ukitoweka, umempata mkosaji. Usipotoweka, tenganisha nyaya za maikrofoni na nyaya za umeme, kisha jaribu kuzima taa zenye swichi ya kupunguza mwanga na taa za bei rahisi.

14. Niweke kiwango gani cha kurekodi?

Vilele vya sauti yako viangukie kati ya desibeli -12 na -6 kwenye kipimo cha programu, ambapo 0 ndio ukomo wa juu, na kama kifaa kinaruhusu, rekodi kwa biti 24. Kumbuka kwamba kupunguza kiwango cha kurekodi hakuondoi kelele: sauti na kelele hushuka pamoja, na ukiipandisha sauti baadaye, kelele nazo hupanda. Kinachobadilisha uwiano wao ni umbali, mwelekeo na chumba.

## Baada ya kurekodi

15. Programu ya kuondoa kelele hufanyaje kazi, na niitumie kwa kiasi gani?

Katika Audacity, ambayo ni ya bure, unaipa programu mfano wa ukimya wa chumba, nayo hujifunza sura ya kelele ile, kisha hupunguza kila kinachofanana nayo katika rekodi nzima. Kwa hiyo jizoeze kuacha sekunde 10 za ukimya mwanzoni mwa kila rekodi, ukiwa umekaa palepale na kila kitu kikiwa kama kitakavyokuwa utakapoongea.

Njia hii hufaa kelele zisizobadilika, kama mvumo na "shhh". Mbwa, honi na mtoto anayelia haiwawezi, kwa kuwa hawana sura moja ya kujifunza. Anza na desibeli 6, usivuke 12. Ukizidisha, sauti huanza kuwa na mlio wa kimaji, kana kwamba msemaji yumo ndani ya mtungi. Kuna chaguo la kusikiliza masalio, yaani kile kitakachoondolewa: ukisikia maneno humo, umekata nyama pamoja na mfupa.

Kabla ya hatua hiyo, weka kichujio kinachokata sauti zilizo chini ya hezi 80 hivi. Hutapoteza sauti ya msemaji, na malori yatapungua.

16. Kwa nini baada ya kusafisha, "mtoto" anasikika kama "toto"?

Hili ni swali ambalo maelekezo ya lugha nyingine hayaligusi, ilhali kwetu ni la kila siku. Kiswahili kina maneno mengi yanayoanza na "m" au "n" inayosimama kama silabi peke yake: mtu, mkate, mlango, nchi, nne. Silabi hiyo hutamkwa mdomo ukiwa umefungwa au umezibwa kwa ulimi, sauti ikipita puani, na hivyo ni dhaifu na nzito, kama mvumo. Programu ya kuondoa kelele huweza kuidhania mvumo kweli. Geti la sauti, ambalo hufunga kila sauti iko chini ya kiwango fulani, ndilo baya zaidi, kwani hufunguka pale tu "t" ya "mtoto" inapolipuka, na "m" imeshapotea. Na "m" ikipotea, upatanisho wa kisarufi huvurugika masikioni mwa msikilizaji: "mti" na "miti" hazipaswi kuachwa kwenye bahati.

Hasara ya pili iko mwishoni. Irabu ya mwisho wa sentensi kwa kawaida hushuka na kufifia, na geti huifunga kabla haijaisha.

Ushauri wangu ni kutotumia geti kabisa kwa usomaji wa Kiswahili. Ukilazimika, lisifunge kabisa, lipunguze kwa desibeli 6 hadi 10 tu, na liwe la kufunga taratibu. Kisha sikiliza vianzio vya maneno kimoja kimoja, ukiwa na andiko mkononi.

17. Zana za akili mnemba zinaweza kunifanyia yote haya?

Zinaweza mengi ambayo njia ya swali la 15 haiwezi, ikiwa ni pamoja na kupunguza mwangwi na kelele zinazobadilika. Tatizo lake ni kwamba baadhi yake huunda upya sauti badala ya kuichuja tu, na pale zisipoielewa hubuni. Sikiliza hasa "ng'", "gh", "dh" na "kh", pamoja na majina ya watu na ya mahali. Kwa kisomo cha Kurani au mashairi yanayoimbwa ningeziepuka, kwa sababu mvuto wa sauti humo si mazungumzo, na zana huweza kuukata kama kelele. Hifadhi rekodi asili kila mara.

18. Nitajuaje kwamba ukimya wangu unatosha?

Kipimo kinachojulikana ni cha ACX, jukwaa la vitabu vya kusikiliza: kelele za nyuma zisizidi desibeli -60, wastani wa sauti uwe kati ya -23 na -18, na vilele visipite -3. Podikasti ya mazungumzo inaweza kuvumilia zaidi ya hapo. Pima kelele baada ya kupandisha sauti hadi kiwango cha mwisho, kwa sababu iliyoelezwa katika swali la 14.

## Hali za pekee

19. Tuko wawili katika chumba kimoja, kila mmoja na maikrofoni yake. Kwa nini tunasikika vibaya kuliko mmoja?

Kwa sababu kila maikrofoni inamsikia pia mwenzako, kwa kuchelewa kidogo, na zikichanganywa huleta mlio wa bombani. Kila mmoja akae karibu na maikrofoni yake, na umbali kati ya maikrofoni mbili uwe angalau mara tatu ya umbali wa mdomo na maikrofoni. Wakati wa kuhariri, shusha ile ya anayesikiliza. Mkiwa na maikrofoni moja nzuri na moja mbovu, kaeni wawili kwenye ile nzuri.

20. Ninamhoji mtu aliye mbali kwa mtandao. Kelele za kwake nitazizuiaje?

Mwombe ajirekodi kwa simu yake mwenyewe wakati mkizungumza, kwa kufuata swali la 11, kisha akutumie faili. Avae hedifoni, la sivyo sauti yako itaingia kwenye rekodi yake. Mwanzoni mhesabu pamoja moja, mbili, tatu na kupiga kofi, ili upate alama ya kuziunganisha rekodi mbili.

21. Kelele imeingia katikati ya jambo lisiloweza kurudiwa, kama bibi akisimulia. Nimsimamishe?

Kama ni pikipiki inayopita, mwache aendelee. Akimaliza sentensi, mwombe kwa upole airudie hadithi ile "kwa ajili ya wajukuu ambao hawakusikia". Wazee wengi huirudia, na mara ya pili huwa ndefu zaidi. Kama ni jambo la kudumu, mfano fundi wa kuchomelea vyuma jirani, ahirisha mapema kabla bibi hajakolea.

Na kama ameshakolea, usimguse. Jogoo aliyewika nyuma ya simulizi ya bibi ana haki ya kuwepo pale, naye ukimfuta kwa nguvu utafuta na nusu ya neno la bibi. Sogeza tu simu yako karibu na bibi kwa shubiri moja, polepole, akiwa anavuta pumzi.